Kupaka rangi ndani ya nyumba Uganda: niite fundi au nipake mwenyewe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba yetu ya Bombo imepakwa rangi ndani mara mbili. Mara ya kwanza tulimwita fundi. Mara ya pili tulipaka wenyewe, mimi na wanangu, na sehemu tuliyoona inatushinda tukamwachia fundi mwingine. Tangu hapo majirani, jamaa wa Arua na rafiki zangu walioko Kampala hawaachi kuniuliza kuhusu jambo hili. Maswali yao nimeyakusanya hapa, na ninayajibu kwa niliyoyaona kwa macho na niliyojifunza kwa mafundi walionivumilia nikiwasumbua kazini.

Kwa kifupi, niite fundi au nipake mwenyewe?

Uangalie ukuta kabla hujauangalia mfuko wako. Ukuta mkavu, uliowahi kupakwa rangi ya maji, usio na ufa wa kuingiza ukucha, utaupaka mwenyewe na utapendeza. Ukuta unaotoa unyevu, lipu mpya, rangi ya mafuta ya zamani inayobanduka kama magamba, au dari iliyo juu sana, tafuta fundi. Wengi hujiuliza kama wana mkono mzuri wa brashi. Mkono hufunzika kwa siku moja, lakini ukuta mgonjwa haufunziki.

Nitajuaje kama ukuta wangu ni mzima?

Fanya majaribio manne, wala hayahitaji pesa.

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, hapo kuna chokaa au rangi dhaifu ya unga, na rangi mpya ukiipaka juu yake itashika ule unga badala ya ukuta. Itatoka yote kwa mkupuo mmoja. Halafu bandika kipande cha tepu, kikandamize vizuri, kisha kivute kwa ghafla. Kikija na rangi, rangi ya zamani imeachia. Tatu, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Panapotoa sauti ya debe tupu, lipu imeachana na tofali.

La nne ndilo ninalolithamini zaidi. Chukua karatasi ya nailoni, yaani kavera nzito ya kutosha, uikate mraba wa sentimita 30 hivi, uibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasiwe na upenyo wa hewa. Iache siku nzima, mchana na usiku. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Usinunue rangi bado.

Rangi ya chini ya ukuta inabanduka kila mwaka hata nikipaka upya. Shida ni rangi mbaya?

Mara nyingi si rangi. Ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Tofali la kuchoma hunyonya maji kama sifongo, na kama mjenzi hakutandaza karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, maji hupanda, hubeba chumvi za udongo na saruji, na yanapofika usoni mwa ukuta hukauka na kuziacha chumvi pale. Zile nywele nyeupe laini unazoziona zikiota ukutani ni hizo chumvi. Zinaisukuma rangi kutoka nyuma, na hakuna rangi ya kushindana nazo, hata iwe ya bei gani.

Katika maeneo yaliyojengwa karibu na vinamasi, kama Bwaise pale Kampala, jambo hili ni la kila nyumba ya pili. Lakini hata kilimani unaweza kulipata. Bati halina mfereji wa maji, mvua inamwagika chini kando ya ukuta, udongo mwekundu umejaa nje hadi umepita usawa wa sakafu ya ndani. Hapo umeupa ukuta maji ya kunywa msimu baada ya msimu.

Kwetu ilikuwa hivyo hasa. Fundi wa kwanza alikwangua, akapaka, akalipwa, na sebule ikang'aa. Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, ukuta wa upande wa tangi ulianza kuvimba mapovu. Niliumia sana, kwa sababu zile zilikuwa pesa za miezi mingi. Baadaye mwashi mmoja mzee alikuja kutengeneza choo, akautazama ukuta ule, akatoka nje bila kusema neno, akanionyesha udongo uliojaa pembeni. Tulichimba na kuuondoa, tukaweka mfereji kwenye bati, tukabandua lipu ya chini hadi kwenye tofali na kuipiga upya. Tukaacha ukuta ukauke kiangazi kizima. Mpaka leo haujavimba.

Kwa hiyo kama hili ndilo tatizo lako, unayemhitaji kwanza ni mwashi. Fundi rangi aje baadaye.

Nyumba ni mpya na nina haraka ya kuhamia. Naweza kupaka mara lipu ikikauka?

Lipu ya saruji ngoja siku 28 angalau, na msimu wa mvua ngoja zaidi. Kukauka kwa macho hakutoshi. Saruji mbichi ina ukali wa magadi, na ukali huo hula rangi: rangi ya maji hupauka mabaka mabaka, na rangi ya mafuta hugeuka utelezi kama sabuni. Ukilazimika kuhamia, paka praima, yaani rangi ya kutangulia, inayostahimili ukali wa saruji na uishi na ukuta mweupe kwa miezi michache. Hakuna aibu katika ukuta mweupe.

Nikipaka mwenyewe nitaokoa kiasi gani?

Utaokoa gharama ya ufundi, basi. Rangi, praima, msasa na skimu ya kujazia na kulainisha ukuta utavinunua vilevile, awe fundi au wewe. Na kuna vitu ambavyo fundi huja navyo na wewe itabidi uvinunue au uviazime: rola na fimbo yake, trei, brashi pana na brashi nyembamba ya kingo, skrepa, tepu ya karatasi, na ngazi. Ngazi iazime. Brashi usiazime. Nunua nzuri, kwa maana brashi ya bei rahisi huacha nywele zake kwenye rangi na utakesha ukizing'oa.

Kabla ya kusema umeokoa, piga hesabu ya rangi. Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 3.6, chenye ukuta wa kimo cha mita 2.8. Kukizunguka ni mita 13.2. Zidisha kwa kimo, unapata karibu mita za mraba 37. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 33. Mikono miwili ya rangi ni mita za mraba 66. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini uliotayarishwa hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji lita 6 na nusu hadi 7. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha, na unabaki na kidogo cha kurekebishia baadaye.

Hesabu hii ifanye hata kama unaita fundi. Akikuambia chumba hicho kimoja kinakula ndoo nzima ya lita 20, una haki ya kumuuliza kwa upole inakulaje. Huenda ana sababu nzuri: ukuta mkwaruzo, lipu isiyopigwa skimu, au unataka rangi nyepesi juu ya nyekundu iliyokolea, ambayo itadai mkono wa tatu. Huenda hana.

Pesa utakayookoa kwenye ufundi, ushauri wangu ni kwamba nusu yake uirudishe kwenye rangi bora. Rangi duni ina maji mengi na kiini kidogo. Utapaka mara nne kupata kile ambacho rangi nzuri inakupa kwa mara mbili, na ukifuta alama ya mkono wa mtoto, rangi inatoka na kitambaa.

Itachukua siku ngapi?

Chumba kimoja chenye kuta nzima ni siku mbili: moja ya kutayarisha, moja ya kupaka. Sisi nyumba ya vyumba vitatu na sebule tuliipaka kwa Jumamosi tano. Fundi mwenye msaidizi angeimaliza kwa wiki moja hivi. Kama unatarajia wageni wa arusi mwisho wa mwezi, mwite fundi.

Nitampataje fundi mzuri?

Usiridhike na picha za kwenye simu. Mwombe akupeleke kwenye nyumba aliyoipaka mwaka mmoja uliopita, iliyopitia mvua mbili. Kazi ya jana inang'aa hata ikiwa mbovu. Ukifika, angalia pale ukuta unapokutana na dari, kama mstari umenyooka. Angalia swichi na soketi, kama zina madoa. Angalia bawaba za milango. Fundi mvivu hupaka juu ya bawaba. Muulize mwenye nyumba jambo moja tu: alipomaliza kulipa, je, fundi aliendelea kupokea simu?

Mafundi wengine wana hati ya Worker's PAS, ile inayopima ujuzi alioupata mtu kwa kufanya kazi hata kama hakusomea shuleni. Ni dalili njema, ila wako mafundi hodari wasio nayo, waliofundwa na wajomba zao.

Mimi nina kipimo changu. Fundi anayefaa huugusa ukuta kabla ya kutaja bei. Huugonga, huukwaruza kwa ukucha, huuliza "hapa nje kuna nini?" Anayesimama mlangoni na kutaja jumla hajaiona kazi.

Tukubaliane vipi kuhusu malipo?

Kwanza mjue mnazungumzia bei ya nini. Bei ya ufundi peke yake na bei ya ufundi pamoja na vifaa ni vitu viwili, na ugomvi mwingi niliousuluhisha ulianzia hapo. Pili, bei iwe ya kazi nzima au ya chumba, isiwe ya siku, maana kazi ya siku hurefuka.

Andikeni karatasi. Si lazima iwe ya wakili. Iandikwe kwa lugha mnayoisoma nyote wawili, Kiswahili, Kiganda au Kiingereza, itaje vyumba, idadi ya mikono ya rangi, nani ananunua nini, nani anafuta sakafu mwishoni, na siku ya kumaliza. Mtie saini mbele ya shahidi. Wengine humwita mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwa kazi kubwa naona ni busara.

Malipo yaende kwa hatua. Mpe kidogo cha kuanzia ili apate nauli na chakula. Mpe sehemu kubwa akimaliza matayarisho, na usilipe hatua hiyo kabla hujapitisha kiganja chako ukutani. Nyingine akimaliza mkono wa kwanza, na ya mwisho baada ya kukagua mchana, dirisha likiwa wazi, kwa kuwa taa ya usiku huficha mengi. Tuma kwa simu, iwe MoMo au Airtel Money, na uandike sababu ya malipo. Ujumbe ule ni risiti.

Akitoweka na pesa, anza na LC1. Ikishindikana, mahakama za Uganda zina utaratibu wa madai madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na humo unajieleza mwenyewe bila wakili. Ile karatasi na zile risiti za simu ndizo zitakazokusemea.

Rangi ninunue mimi au nimwachie fundi?

Nunua wewe, nenda naye dukani. Yeye anajua vifaa, wewe unajua mfuko wako. Pale Kampala utazunguka Nakasero au Ndeeba ukilinganisha bei kabla ya kutoa shilingi. Hakikisha kopo halijafunguliwa, lina alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na makopo yote ya rangi moja yana namba moja ya toleo. Yakitofautiana, yamimine pamoja kwenye ndoo kubwa ukoroge kabla ya kupaka, la sivyo utaona ukuta mmoja una rangi mbili.

Nyumbani, makopo yafunguliwe ukiwepo, na makopo matupu yabaki kwako hadi mwisho. Nalisema hili kwa sababu kuchakachua rangi kupo. Maji yanaongezwa kupita kiasi, mkono wa kwanza unakuwa kama maziwa ya chai, na rangi iliyobakizwa inaondoka kwa bodaboda jioni. Kiasi cha maji kimeandikwa kwenye kopo. Kisome, ukitaje mbele ya fundi, yatosha.

Lakini niseme na upande wa pili, maana mafundi nao ni watu wenye watoto. Tunawabana bei ya ufundi hadi haitoshi kodi ya nyumba, kisha tunashangaa. Fundi aliyelipwa kidogo atajilipa kwenye ndoo. Mlipe vizuri, mpe chai ya saa nne na chakula cha mchana, mwite fundi mbele ya wasaidizi wake, na kazi yako itabadilika sura.

Rangi gani kwa chumba gani?

Vyumba vya kulala na dari: rangi ya maji isiyong'aa, kwa sababu inaficha mawimbi ya lipu. Sebule na korido: silki, yaani rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, inafutika. Milango, madirisha ya chuma na nondo za kuzuia wezi: rangi ya mafuta, baada ya kusugua kutu na kupaka praima ya chuma.

Chini ya ukuta, kimo cha goti au zaidi kidogo, wengi wetu hupaka mkanda wa rangi ya mafuta yenye giza, kahawia au kijivu. Ni desturi yenye akili. Udongo wetu mwekundu hurukia ukuta kila unapofagia na kila unapopiga deki. Mkanda huo ukae juu ya ukuta mkavu tu, kwa maana rangi ya mafuta huziba pumzi ya ukuta na unyevu utapanda juu ya mkanda ukitafuta pa kutokea.

Jikoni penye sigiri pana masizi. Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, acha pakauke, kisha paka andakoti ya mafuta, yaani rangi ya kutangulia, kabla ya rangi yoyote. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya masizi, doa la manjano litapenya na kurudi kila ukipaka.

Rangi ina madhara kwa watoto?

Jambo linalonitia hofu zaidi ni madini ya risasi kwenye rangi za mafuta, hasa za zamani na zenye kukolea kama njano na nyekundu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Huathiri ubongo wa mtoto, na athari hiyo haifutiki. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni ndani ya rangi, kwa hiyo dukani uliza rangi isiyo na risasi na usome kopo.

Hatari kubwa huja wakati wa kukwangua. Rangi ya mafuta ya zamani usiisugue ikiwa kavu, vumbi lake ndilo sumu. Lowesha ukuta, piga msasa wa maji, vaa barakoa nzito, tandaza nailoni sakafuni na uikunje na uchafu wake ndani. Watoto na mama mjamzito wawe kwa jirani au kwa bibi siku hiyo, na sakafu ipigwe deki mara mbili kabla hawajarudi. Hapa kama huna uhakika, mwachie fundi, nawe umsimamie afanye hivyo hivyo.

Kuna jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mvuke wa thina na rangi ya mafuta hushika moto. Zima sigiri, zima mshumaa, asivute mtu sigara ndani. Na ukimwona fundi anazimulia rangi kwa petroli, msimamishe hapo hapo. Wanafanya hivyo kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Nyumba inaweza kuungua kwa ajili ya chupa moja.

Wahudumu walikuja kupulizia dawa ya mbu ukutani. Naweza kupaka?

Subiri. Katika wilaya ambazo zimewahi kupuliziwa dawa ya ukutani, kama Tororo na Lira, dawa ile hukaa usoni mwa ukuta na kumuua mbu anapotua. Ukipaka rangi umeifunika, na kinga ya malaria imekwisha. Waulize wahudumu dawa yao hudumu miezi mingapi. Kama unapanga kupaka, paka kabla hawajaja na ukuta ukauke.

Msimu gani unafaa?

Kwa Kampala na kusini, Desemba hadi Februari, au Juni hadi Julai. Mvua kubwa za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba hufanya rangi ichelewe kukauka, na ukuta wa nje ukiwa umelowa, wa ndani nao haujakauka sawasawa. Kaskazini mvua ni ya msimu mmoja mrefu, kwa hiyo Januari ni wakati mzuri. Entebbe na miji ya kando ya ziwa ina unyevu karibu mwaka mzima, basi ongeza saa kati ya mkono na mkono. Kabale baridi ya usiku huzuia rangi ya maji kushikana. Anza saa nne jua likiwa limetoka, acha saa tisa.

Nyumba ni ya kupanga. Naruhusiwa kupaka?

Omba ruhusa ya mwenye nyumba, na uiombe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu ni maandishi. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inataka mapatano ya upangaji yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi, basi rangi nayo iingie humo: nani analipa, rangi gani, na kama utadaiwa kuirudisha ukihama. Wenye nyumba wengi hukubali kukata kidogo kwenye kodi ukipaka kwa rangi nyepesi. Kwa mpangaji mimi nashauri kupaka mwenyewe bila kusita. Lakini unyevu na lipu mbovu ni mzigo wa mwenye nyumba, usiubebe.

Nimeamua kupaka mwenyewe. Nianzie wapi?

Anza na chumba cha kulala cha nyuma, usianze na sebule. Utajifunza humo.

Toa vitu vyote, au vikusanye katikati na kuvifunika. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujafungua vifuniko vya soketi na swichi. Kuwa na salio kidogo la Yaka, umeme wa kulipia kabla, hakuzuii kupigwa shoti. Kwangua kilicholegea. Nyufa ndogo zifungue kidogo kwa ncha ya skrepa ziwe na umbo la kabari, ndipo ujaze skimu, kwa sababu ufa uliojazwa juu juu hurudi. Acha ikauke, piga msasa, kisha futa vumbi kwa kitambaa kibichi. Hatua hii ya vumbi ndiyo watu huiruka, na rangi inashika vumbi badala ya ukuta. Palipo na chokaa, kwangua yote uwezayo, osha, halafu paka praima ya kushikiza.

Siku nzima ya kutayarisha bila kufungua kopo si hasara. Wanangu walilalamika kwamba hakuna kilichoonekana kubadilika. Kesho yake walielewa.

Kupaka huanza juu: dari, kisha kuta, kisha mbao na chuma mwisho. Kwa kila ukuta, chora kingo kwanza kwa brashi, upana wa vidole vinne, kwenye kona na kuzunguka mlango. Fuata mara moja kwa rola wakati kingo bado mbichi, vinginevyo utaona fremu kuzunguka ukuta wako milele. Rola isilowe hadi idondoke. Iviringishe kwenye trei mpaka iache kutoa matone, paka eneo la mita moja hivi, halafu pitisha rola tupu kutoka juu hadi chini kulainisha. Ukianza ukuta, umalize. Simu ikilia, iache.

Rangi ya maji ngoja kwa muda wa saa nne hivi kabla ya mkono wa pili, zaidi ikiwa mvua inanyesha. Ya mafuta ngoja hadi kesho. Mkono wa kwanza utakutisha, kwa sababu unakuwa na mabaka. Usirudierudie pale pale rangi ikiwa imeanza kukauka. Uache.

Naweza kugawana kazi na fundi?

Ndiyo, na kwa nyumba nyingi ninazozifahamu hii ndiyo njia bora. Mpe fundi lipu, skimu, dari na madirisha ya chuma. Wewe chukua kuta za vyumba. Mweleze tangu mwanzo, kwa heshima, ili bei yake ilingane na sehemu yake. Wengine hukataa kwa kuogopa kulaumiwa kwa makosa yako, na wana haki. Andikeni nani amefanya ukuta upi.

Rangi iliyobaki nifanyeje?

Ihamishie kwenye chombo kidogo kinachojaa hadi juu, maana hewa ndiyo inayoiharibu, ukifunge na ukiweke mbali na jua. Usiimwage kwenye mtaro. Mitaro ya Kampala huishia vinamasini, na vinamasi vya upande wa kusini huishia ziwani tunakovua samaki. Brashi za rangi ya maji zioshe kwenye ndoo kabla hazijakauka. Tambara lenye mafuta litandaze nje likauke, usilikunje likiwa bichi, kwa kuwa linaweza kujiwasha lenyewe. Juu ya kifuniko cha kopo andika jina la rangi, namba yake ya kuchanganyia, chumba na tarehe. Siku mtoto akigonga ukuta kwa baiskeli, utajua kopo la kulifungua.